Choo Kipya cha Mama Mkwe

Tangu azaliwe, Sikudhani alikuwa hajawahi kushika spana. Lakini choo cha zamani kilipasuka mama mkwe wake akiwa amekikalia, kikamkata paja, na fundi aliyeahidi kuja alikuwa hajaonekana kwa siku tatu. Asubuhi hiyo Sikudhani alifunga koki ya maji, akakaza kanga kiunoni, akaking'oa kibovu na kukifunga kipya peke yake. Aliogopa kukaza nati sana, kisije kikapata ufa. Akaogopa kuzilegeza, kisije kikamwangusha bibi wa watu.

"Bado, mwanangu?" mama mkwe aliita kutoka kitandani. "Nimebanwa."

"Tayari, Mama," alijibu, ingawa hakuwa na hakika.

Akamshika kwapani, akamleta polepole. Bibi alikitazama choo, kisha akamtazama yeye.

"Wewe umeshakikalia?"

"Sijathubutu, Mama."

Mama mkwe akamkamata mkono kwa nguvu, akajishusha. Choo kikatoa mlio mdogo, kisha kikatulia.

Bibi alipomaliza na kuvuta maji, Sikudhani alikuwa amepiga magoti kando yake, uso ameugeuzia ukutani, kiganja amekibandika sakafuni nyuma ya choo kuona kama panavuja, akiyasikiliza maji yakishuka.