Kasa Wasiokuwamo Kwenye Ramani

Tangu sheria iliposema kwamba Ramani, mtambo wa serikali unaotabiri kilichopo kila mahali, haikosei, jicho la mtu halikuwa tena ushahidi. Ndiyo maana Afisa Kalume alifunga safari hadi Kipini, nyumbani kwa Mwanajabu, baharia aliyerudi wiki ile, ili kumtaka aifute ripoti yake.

"Umeandika kwamba uliwaona kasa wachanga zaidi ya mia, mwendo wa siku tatu kutoka pwani," alisema, viatu vyake vikiwa juu ya mkeka. "Ramani inatabiri kwamba pale hakuna hata mmoja. Meli zitaanza kupita huko Jumatatu."

"Niliwaona. Wamejibanza kwenye mwani unaoelea, wadogo kama visahani. Wewe umewahi kufika?"

"Sina haja ya kufika."

Mwanajabu aliitazama suruali ya afisa iliyonyooshwa kwa pasi, akaona huyu ni mtu wa kuzama kwenye beseni.

"Basi kawaambie waliokutuma kwamba sifuti hata nukta. Wakitaka kuwasaga kasa, wawasage wakijua."

Kalume hakukasirika. Aliandika kwenye kishikwambi chake kwamba shahidi amekataa, kisha akamwinulia macho bi kizee aliyekuwa akimmiminia chai.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Naishi naye."

"Ramani inatabiri kwamba nyumba hii ina mtu mmoja," alisema kwa upole, akaandika: mtu mmoja.

Bi kizee aliiweka chupa ya chai chini taratibu. Mwanajabu alisogea, akasimama kati ya mama yake na yule afisa.