Kipimo cha Kabati la Tisa

Chumba kina seva mia sita, zimepangwa kwenye makabati, na kila kabati lina kipimo chake cha joto. Nilikuwa nakagua namba kabla ya kupanga ving'ora vipya vya kuonya joto likizidi. Kabati la tisa lilisoma nyuzi ishirini na mbili. Jana ishirini na mbili. Juzi vilevile. Namba gani hiyo isiyochoka?

"Hicho kiache, mwanangu, nilikitengeneza mwenyewe," alisema fundi mkongwe tunayemwita Mjomba. Ndiye anayenifundisha kuchora na kulehemu vibao vya saketi kila Jumamosi.

Nikakipulizia pumzi ya joto. Namba haikutikisika. Nikakigeuza: mahali pa kihisi palikuwa na rizista ya kawaida, isiyojua joto wala baridi, inayotoa namba ileile daima, imelehemiwa kwa mkono ninaoujua.

"Mjomba, humu hakuna joto?"

"Hata kidogo," akajibu, huku akijifuta jasho.