Nyayo za Kaa

Jina liliitwa mara mbili kabla shahidi hajaitikia.

"Bi. Mwanaharusi Mohamedi, unatusikia?"

"Nawasikia."

Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta katika chumba cha kukodi pale Kibiti. Feni ilizunguka na jasho likamtoka vilevile. Kwenye kioo ilionekana mahakama ya London: jaji, karani na mawakili wawili. Pembeni yake alikaa Gharibu, mkalimani kutoka Dar es Salaam, ambaye alikutana naye kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kampuni moja ya Uingereza ilikuwa ikiuza mikoba yenye nakshi ya mkeka iitwayo nyayo za kaa. Mwanaharusi wa Maparoni, kwenye visiwa vya delta, alidai nakshi hiyo kaibuni yeye, na kampuni imeichukua bila hata kumuuliza. Akishinda, atalipwa fidia na kazi itajulikana kuwa ni yake. Akishindwa, gharama za kesi zitamwangukia, na mikoba itaendelea kuuzwa.

Karani akataka kitambulisho. Gharibu akakisogeza kwenye kamera. Picha ilikuwa hafifu, mwanamke kajitanda ushungi, uso umefifia kijivu. Karani akaridhika.

"Ataapa kwa msahafu?"

Shahidi akairudisha mikono mapajani. "Leo sishiki msahafu. Nina udhuru."

Gharibu akainamisha kichwa, akatafuta Kiingereza cha kusitiri mambo ya wanawake. Jaji akasema basi, ahadi ya mdomo inatosha. Kisha, kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia, akampa pole kwa kufiwa na mumewe mwezi uliopita.

"Tumeshapoa," shahidi akajibu, macho chini.

Wakili wa kampuni alikuwa mwembamba, sauti yake laini, na ulaini huo ndio uliotisha. Alikuwa na hoja moja tu: nyayo za kaa ni nakshi ya delta nzima, kila mwanamke anaisuka tangu enzi za mabibi, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa.

"Ilibuniwa lini?"

"Masika ya mwaka elfu mbili na ishirini na nne. Maji yalifunika mpunga wote, hapakuwa na kazi ya shamba. Kaa wakapanda mpaka barazani. Nyayo walizoacha kwenye tope ndizo zilizosukwa."

"Nani mwingine anaweza kuisuka?"

Akisema wengi, kesi imekwisha. Akisema hakuna, huenda kampuni ina mtu wa kumleta.

"Mmoja tu. Mdogo wangu, Subira. Nilimfundisha mimi."

"Anasuka vizuri kama wewe?"

"Hanifikii." Alilitamka haraka, na kwa uchungu kidogo.

"Mbona hakuja kutoa ushahidi?"

Gharibu akatafsiri.

"Nyumbani kuna msiba. Hatuwezi kutoka sote."

Wakili akatabasamu. Ni wazi hakuamini. "Basi tusukie, mama. Hapo hapo ulipo, sasa hivi."

Wakili wa upande wa shahidi, mama mmoja mnene mwenye miwani, akaruka kupinga. Shahidi hakuambiwa mapema, alisema, na hilo halikuwa haki. Lakini kabla jaji hajafungua kinywa, shahidi alikuwa ameshafungua kikapu chake. Mwanamke wa delta haachi nyumbani ukili wake, ule utepe wa kushonea mkeka. Akikaa anasuka, akitembea anasuka. Akatoa kindu za kusukia, za rangi mbili.

Nyayo za kwanza zikaenda kombo, na wakili mwembamba akaandika kitu kwenye karatasi. Shahidi akafumua yote. Akafumba macho kidogo, akaanza upya, na mara hii vidole vikajiendea vyenyewe: nyayo mbili mbele, moja ubavuni, kisha ule mkato wa ghafla, pale kaa anapostuka na kugeuka. Hakuna mkeka mwingine delta nzima uliokuwa na mkato huo. Mikoba ya London ilikuwa nao.

Aliusogeza ukili kwenye kamera. Wakili wa kampuni akatazama karatasi zake, akasema hana swali jingine.

Wakapumzika nusu saa, nusu saa ndefu kweli. Jaji aliporudi, Gharibu alitafsiri huku sauti ikimtetemeka kwa furaha, utadhani kesi ni yake:

"Anasema ameridhika kwamba mikono aliyoiona leo ndiyo iliyobuni nakshi hii. Kampuni ilete idadi ya mikoba yote iliyouzwa, fidia ipangwe. Mama, umeshinda! Mbona hucheki?"

Shahidi alikuwa akikunja ukili wake taratibu, akiurudisha kikapuni.

Usiku ule alilala Nyamisati kusubiri maji yajae, na asubuhi akapanda boti ya Maparoni. Alipofika nyumbani alipitia uani, akagonga mlango wa chumba cha ndani. Ukafunguka kidogo tu. Mwanamke aliyevaa nyeupe tupu, eda yake haijafika hata nusu, akamvuta ndani na kufunga.

"Haya, Subira mdogo wangu," Mwanaharusi akanong'ona, "kaa hapa unieleze. Jana mimi niliwajibu nini?"