Mwenye Kilio

Kasuku alivuta pumzi ndefu, akatoa kwikwi tatu, akapenga kamasi kwa kishindo, halafu akasema kwa sauti iliyokauka, "Niko sawa. Aingie anayefuata."

Daktari mkuu wa kliniki ya wanyama alisimama mlangoni mwa stoo, boksi la sindano mkononi. Ndege yule hakuwa mgonjwa. Aliletwa juzi na dereva wa mama fulani anayekwenda likizo. Dereva alisema tu kwamba bosi wake amechoka vibaya, anataka wiki moja ya kulala, na huyu kiumbe hanyamazi. Wodi ilikuwa imejaa mbwa, basi kasuku akawekwa stoo. Na stoo, jamani, ndiyo chumba pekee pale chenye komeo kwa ndani.

Kwa hiyo kuna mtu anajifungia humu kulia, na ndege amemnasa. Miezi miwili nyuma daktari mwenzake, mtu wa vichekesho, mtu asiyekosa kazini hata siku moja, alivua koti jeupe katikati ya matibabu, akalitundika kwenye pembe ya mbuzi aliyekuwa mezani, akatoka. Hadi leo simu yake haipatikani. Asubuhi ya siku aliyoondoka aliulizwa hali, akajibu yuko sawa. Daktari mkuu aliapa kwamba hatapoteza mwingine.

Akafunga kliniki kwa nusu saa. Akawaita wote watatu stoo: dada wa mapokezi, Ndevu wa maabara, na Mizani, ambaye hupima wanyama uzito na kuwashika wakati wa ile sindano ya mwisho, ya kuwapumzisha wasiopona.

"Simfukuzi mtu," akasema. "Nataka kujua tu. Kilio hiki ni cha nani?"

Kasuku, kama aliyeombwa, akalia tena. Kwikwi tatu, kamasi, niko sawa, aingie anayefuata.

Dada wa mapokezi akainua mkono. "Changu, mama. Mtu akiondoka na kamba tupu, mbwa amebaki huku, mimi ndiye ninayemfungulia mlango. Nikishaufunga nakuja hapa dakika mbili."

"Chako wapi!" Ndevu akaruka. "Samahani dada, lakini kupenga kule ni kwangu. Napenga hivyo tangu shule, ulizeni hata mke wangu."

"Hebu niacheni," Mizani akanguruma. "Mwaka wa sita huu natoa kwikwi tatu humu ndani. Si mbili, si nne. Tatu! Leo mnakuja kunidhulumu?"

Ikawa vurugu. Watu wazima na vitambulisho vyao shingoni wanagombania kilio! Mwisho daktari mkuu akakata shauri: kila mmoja alie mbele ya tundu la kasuku, na yeye atalinganisha.

Wakapanga foleni. Dada alianza kwa kuigiza, akamaliza kwa kweli. Ndevu alipenga mpaka mbwa wa wodini wakanyamaza. Mizani hakuifikia kwikwi ya tatu. Alikaa juu ya gunia la chakula cha kuku, akasema, "Yule punda wa juzi, mama. Nimemshika afe, na bado ananiramba mkono."

Hakuna aliyecheka. Kasuku aliwatazama kwa jicho moja, akabangua mbegu ya alizeti.

"Na wewe, mama?" Ndevu akauliza.

Daktari mkuu alifungua mdomo aseme yuko sawa. Badala yake akaketi kando ya Mizani juu ya gunia.

"Nilijua ni changu," akasema. "Nimewaita hapa nikiomba Mungu kiwe cha mtu mwingine."

Siku hiyo hiyo alimpigia simu mshauri nasaha anayetibu mioyo ya wahudumu wa wanyama mji mzima. Katibu wake akajibu kwamba mshauri yuko likizo, atarudi Jumatatu.

"Tupe nafasi nne," akasema daktari mkuu. "Mfululizo."

"Msijali, mko katika mikono salama," katibu akamtuliza. "Wenzenu wanakuja hapa wanalia siku nzima, na yeye hatikisiki hata kidogo. Ana roho ya chuma yule mama!"

Jumapili dereva alikuja kumchukua kasuku. Stoo ikawa kimya mno, na Mizani alikiri kwamba anamkumbuka.

Jumatatu wakabanana wote wanne kwenye benchi nje ya mlango wa mshauri, wakisukumiana nani aanze. Walikuwa na wepesi ambao hawakuwa nao kwa miaka. Hatimaye kuna mtu wa kuwatua mzigo huu. Mlango ukafunguka, akatoka muuguzi wa farasi, macho mekundu lakini anatabasamu, akaufunga nyuma yake. Daktari mkuu akasimama, akaweka koti lake sawa, akasubiri kuitwa.

Ndani, mtu alivuta pumzi ndefu. Zikafuata kwikwi tatu. Kamasi zikapengwa kwa kishindo.

"Niko sawa," ikasema sauti ya kike iliyokauka. "Aingie anayefuata."

Na humo humo ndani, kasuku akarudia neno kwa neno.