Ndege Nzito

Ndege ya Haruni ilikimbia tena hadi mwisho wa uwanja, ikanyanyua pua, ikashindwa kupanda. Kioo cha kompyuta kikajaa majani.

Alishajaribu kubadili kila kitu kwenye mchezo huo: injini, mabawa, hata upepo. Fimbo ya kuongozea ilikuwa imelowa jasho la kiganja chake.

"Hii ndege imerogwa!"

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele mkekani, akakohoa kidogo. "Labda ni mzigo, Baba Samira."

"Mzigo gani? Nimepakia abiria tu."

"Mimi nimepakia. Ulipokwenda kuswali niliona kwenye kioo, pale pa mzigo, pana sifuri, roho ikaniuma. Nikaweka mchele, tani thelathini. Chombo kitokeje Kyela kwenda Dar kitupu?"

Haruni alicheka mpaka akashika mbavu. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kushusha mzigo.

Ungo ukasimama hewani.

"Thubutu! Ushushe mchele wangu uone."

"Sasa itarukaje, mke wangu?"

"Rubani nani, mimi au wewe?"

Haruni akakitazama kitufe, akamtazama mkewe. Kisha, taratibu, akaanza kuwashusha abiria.