Jongoo Alipozunguka Jiwe

Kuchakuro alikuwa na mashimo saba, na hakuna hata moja lililokwisha. Akichimba hili, mara amwone panzi, amfuate, asahau alikotoka. Mwaka uliopita njugu zake zote zilioza nje. Mvua zilipokaribia tena, ndugu zake walimfokea, "Hebu tulia, wewe!" Akajaribu kutulia, mwili ukamwasha, akaanza shimo la nane.

Ndipo akaja Jongoo, aliyechekwa na wote kwa mwendo wake wa kujikokota.

"Kuchimba sijui," akasema, "ila nitalizunguka jiwe hili. Chimba mpaka nimalize mzunguko, kisha kimbia utakako. Ukirudi, naanza tena."

"Hunikatazi kukimbia, mzee wangu?"

"Nikukataze ya nini? Wewe rudi tu."

Kuchakuro akachimba, akakimbia, akarudi. Panzi alipopita, Kuchakuro alimtupia Jongoo jicho, akamwona yuko nusu ya jiwe, naye akaendelea kuchimba.

Mvua ya kwanza ilikuta njugu zimo ndani, kavu. Kuchakuro akamkaribisha Jongoo kabla ya ndugu zake.

"Ahsante, mzee wangu."

"Ya nini? Sikuchimba hata kidogo."

"Ndugu zangu waliniambia nitulie, wakaenda zao. Wewe uliniacha nikimbie, na kila niliporudi nilikukuta."