Bandeji ya Asubuhi

Mvua ya jioni ilikuwa inapiga mabati wakati mkono ulipopenya kwenye nondo za dirisha la jikoni, ukapapasa kutafuta komeo la mlango. Muuguzi alikuwa ameshainua panga.

"Kata!" mumewe alimnong'oneza nyuma yake. "Nyumba ni yetu. Unangoja nini?"

Mkono ulikuwa na bandeji iliyolowa chapachapa, ncha yake imekunjwa na kuchomekwa kiganjani. Zahanati nzima ni yeye tu anayefunga hivyo. Asubuhi aliuosha mkono huo, akaushona, na mwenye mkono akamshukuru mpaka basi.

Panga likashuka taratibu.

"Nilikwambia usiuloweshe," alisema.

Vidole vikaganda kwenye komeo.

"Sista?" sauti ikauliza huko nje.

Mumewe akampokonya panga.